Kisanduku Kisicho na Msumari

Nina tabia moja ambayo mume wangu ameikemea hadi akachoka. Nikiingia nyumba ya watu na kukuta kabati la zamani, situlii hadi nivute droo nitazame pembeni jinsi mbao zilivyoungana. Wenye nyumba hudhani natafuta vijiko. Juzi tulikuwa Embu, mtaa wa Dallas, tumeenda kumpa pole mama mmoja aliyefiwa, na wenzangu walipokuwa wakiimba nikajikuta nimesogea karibu na meza ya droo iliyosimama ukutani. Nikavuta kidogo tu, kwa kidole kimoja. Ikatoka harufu ya mbao ya muuru, mti wa kwetu, iliyokaa gizani miaka mingi, pamoja na ile harufu nzito ya gundi ya ngozi, gundi iliyokuwa ikichemshwa kwenye mkebe hadi boma zima linuke kwato. Nikairudisha. Mfiwa alikuwa ananitazama, na nikaona aibu, ila haikuwa aibu ya kushikwa nikipekua. Ilikuwa ile ya zamani.

Nilikulia Muthara, na baba yangu alikuwa fundi wa mbao. Ninasema fundi kwa makusudi, kwa sababu siku hizi mtu akiwa na nyundo na kilo ya misumari anaitwa fundi pia. Baba hakupenda misumari. Aliiweka kwa ajili ya paa na vizimba vya kuku. Kabati, sanduku na droo aliziunga kwa mikia ya njiwa. Kwa asiyejua, ni hivi: mwisho wa ubao mmoja unakatwa vipande vilivyopanuka kwa mbele, kama mkia wa njiwa anapotua, na mwisho wa ubao wa pili unakatwa meno yanayoingia katikati ya hiyo mikia. Vikishagongwa vikaingiana, unaweza kuvuta droo maisha yako yote na pembe isiachie. Lakini ukikosea kwa upana wa uzi, pengo litabaki hapo likikucheka.

Karakana yake ilikuwa banda lililoegemea jiko la mama, upande wa nyuma, likitazama shamba letu la miraa na migomba michache. Ndani kulikuwa na meza ya kazi, jiliwa ya kubania mbao, randa tatu na misumeno iliyoning'inia ukutani kwa ukubwa wake. Ule mdogo wa meno laini, wa kukatia mikia, haukuguswa na mtu. Mjomba wangu aliwahi kuuchukua akakatie kuni, na nadhani yeye na baba hawakusalimiana hadi mavuno yaliyofuata.

Macho ya baba yalianza na vumbi. Ndivyo alivyotuambia, kwamba vumbi la mbao limemwingia. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi, na mimi niliitwa nimpulizie kwa sababu nilisifika kwa pumzi. Nilipuliza kwa bidii, nikiyatazama yale macho kwa karibu, na sikuona vumbi lolote. Niliona ukungu mwembamba, kama maziwa yaliyodondokea majini. Nilidhani ndivyo macho ya baba wote yalivyo.

Wakati huo ndipo alipotengeneza kigezo. Kilikuwa kipande cha mbao ngumu ya mzeituni wa mwituni, kimechongwa kwa mteremko, na chini kina mdomo wa kushikia ukingo wa ubao. Unakipachika juu ya ubao, unaegemeza msumeno ubavuni mwake, na msumeno unashuka kwa mteremko uleule kila mara. Wateja walipouliza aliwaambia kinaharakisha kazi. Wakakipenda, wakasema fundi ameendelea. Ila kigezo kinakuambia msumeno ulale vipi tu. Hakikuambii uanzie wapi, wala uishie wapi. Kwa hayo unahitaji kuuona mstari uliochorwa kwa ncha ya kisu, na mstari wa kisu kwenye mbao ya muuru ni mwembamba kama unywele.

Basi siku moja nilipotoka shule akaniita. Nilikuwa darasa la sita. Aliniuliza mstari uko wapi, nikamwonyesha. Akaniambia nishike kigezo hapo hapo, nisitikisike, yeye atakata. Baadaye nikawa ninashika kigezo na ncha ya msumeno. Baadaye akasimama nyuma yangu, mkono wake juu ya mkono wangu. Halafu mkono wake ukaondoka, na mimi sikugundua ulipoondoka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuusikia ubao. Alinifundisha msumeno ukae upande wa takataka, yaani upande wa kipande kitakachotupwa, ili mstari wenyewe ubaki. Alinifundisha kuchimba kwa patasi kutoka pande zote mbili zikutane katikati. Alinifundisha nisijaribu kiungo mara nyingi, kwa sababu kila ukikiingiza na kukitoa kinachoka, na kiungo kilichochoka hakiponi.

Mimi nilidhani ninapendwa. Kwa kweli ndivyo nilivyofikiri, na sitajifanya kwamba nilikuwa mtoto mwerevu. Ndugu yangu Kirimi alikuwa bado mgongoni mwa mama, na baba hakuwa na mvulana wa kumpa ufundi. Nikaona amenichagua mimi, msichana, akaruka desturi zote za watu wetu kwa sababu ameona nina kitu. Shuleni nilitembea nikiwa nimebeba siri hiyo kifuani, nikiwahurumia wasichana wenzangu ambao baba zao waliwatuma majani ya ng'ombe.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikulielewa, nalo lilihusu ufagio. Mtu akipiga hodi, au tukisikia kikohozi njiani, baba alinyoosha mkono, nami nikampa msumeno na kushika ufagio. Mgeni akiingia alimkuta fundi ameinama juu ya ubao na binti yake anafagia maranda. Wengine walinisifu kwa usafi. Baba aliongea nao huku akipapasa ubao kwa kidole gumba, akitingisha kichwa kama mtu anayepima, na hakukata hata mara moja hadi wameondoka. Nilijieleza kwamba ananikinga na maneno ya watu, wasiseme binti yake ana mikono ya kiume na kwamba sitaolewa. Mama naye alinionya kwa sauti yake ya kutorudia, kwamba mambo ya karakana hayaendi shule. Nikaitikia, na nikalitunza agizo hilo vizuri sana, kasoro mara moja.

Ninyi mliosoma miaka yangu mnakumbuka ule mfumo mpya wa elimu ulivyotuletea somo la Sanaa na Ufundi. Kila mtoto alitakiwa kutengeneza kitu. Kulikuwa na kamba za mkonge, mikeka ya magunia yaliyofumuliwa, ng'ombe wa udongo wasiofanana na ng'ombe, magari ya waya. Mwalimu wetu aliitwa Mwalimu Njeru, mtu wa Kanja kule Embu, mrefu, mpole, aliyekuwa akituambia kwamba hata mkeka wa gunia una heshima yake ukisukwa sawa. Alitangaza kwamba siku ya wazazi kazi zote zitawekwa mezani uwanjani, na ile bora itapelekwa kwenye maonyesho ya wilaya.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu yangu ya kitoto. Agizo la mama lilihusu kazi ya baba. Kitu changu mwenyewe hakikuwa kazi ya baba. Kwa hiyo hakuna agizo lililovunjwa. Nikaokota vipande vya muuru vilivyobaki kutokana na kabati la mteja, na Jumamosi wazazi walipokuwa sokoni nikaingia karakana nikaanza kisanduku cha chaki cha kumpa Mwalimu Njeru. Kilikuwa kidogo, cha kushikwa kwa viganja viwili, na kifuniko cha kuteleza. Niliamua kukata bila kigezo. Sikuwa na sababu ya maana, nilitaka tu kuona kama mkono wangu unajua njia. Nilichora kwa kisu, nikashusha msumeno mdogo wenyewe ukiwa uchi ubaoni, bila ubavu wa kuegemea, na nilishikilia pumzi hadi masikio yakavuma. Pembe zote nne ziliingiana kwa kugongwa mara moja. Nilikaa chini katikati ya maranda nikacheka peke yangu. Nilikificha nyuma ya mapipa ya mahindi, kwa sababu nilitaka baba akione mara ya kwanza kikiwa mezani, mbele za watu, kimeandikwa jina langu.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Mzee M'Ikiara. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, tena mwenye kinu cha kusaga, na alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Alikuwa amemwagiza baba kabati kubwa la sahani, lenye droo nyingi, la kusafiri na bibi harusi hadi kwa wakwe. Kazi ya namna hiyo ikipendeza huleta nyingine, ikichekwa hufunga karakana. Hata mimi nilijua hilo. Nisilolijua ni kwamba sokoni watu walikuwa wameanza kunong'ona. Walisema fundi amemsalimia mgomba akidhani ni mtu. Walisema macho yake yamekwisha, na kwamba kazi nzuri inayotoka kwake inafanywa na mtu mwingine, na mtu huyo akitajwa wanacheka, kwa sababu ni kasichana ka shule. Mzee M'Ikiara alikuwa amekuja kwetu ghafla siku moja asubuhi, bila kukohoa njiani, akasimama mlangoni akimtazama baba usoni kwa muda mrefu. Siku hiyo kwa bahati nilikuwa shule.

Siku ya wazazi ilifika. Meza zilipangwa kwenye nyasi, na kisanduku changu kilikuwa cha kwanza kabisa, kimefungwa utepe mwekundu wa kazi bora. Mwalimu Njeru alikuwa ameniuliza mara kadhaa kama ni mimi niliyekitengeneza, nami nikaapa. Aliniamini kwa shida, lakini aliniamini. Wazazi walipita wakitazama. Mama alisimama mbali na Kirimi mgongoni, na nilipomtafuta kwa macho ili atabasamu, niliona ameweka mkono mdomoni. Nilidhani ni furaha.

Mzee M'Ikiara alikichukua kisanduku, akakigeuza juu chini, akapitisha ukucha kwenye kiungo. Ukucha haukukwama popote. Aliuliza ni cha nani, nami nikajibu kwa sauti niliyokuwa nimeiandaa wiki nzima, kwamba ni changu, nimekikata mwenyewe. Akaniangalia. Halafu akainua kichwa akamwita baba, ambaye alikuwa amekaa benchi ya mbele na wazee wengine. Baba alikuja polepole. Nilijua hatua zake, alikuwa anapapasa ardhi kwa soli ya kiatu kama kawaida yake ya siku hizo.

"Fundi, huyu msichana anasema hii sanduku amekata yeye," Mzee M'Ikiara alisema. "Na kama ni yeye, basi mimi nakuuliza mbele ya watu. Droo zangu zinakatwa na nani?"

Akamwekea kisanduku mikononi. Baba hakukitazama. Alikizungusha taratibu, kidole gumba kikipita pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha akarudi ya kwanza akaanza upya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, nimejaa fahari, nikingoja aseme. Niliona midomo yake ikijipanga. Niliona kitu usoni mwake ambacho nilikichukua kuwa ni mshangao mzuri.

"Ni mimi nilikata," alisema. "Mtoto alipiga msasa tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikatembea kwenye benchi. Mzee M'Ikiara akapumua, akampiga baba begani, akasema alijua tu, watu wa soko ni waongo. Mwalimu Njeru aliniinamia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliniuliza kwa upole kwa nini nilimdanganya. Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa umeelekezwa juu kidogo ya kichwa changu, kwenye mti wa mgrevilea uliokuwa uzioni, kana kwamba huko ndiko nilikosimama.

Ningesema nini? Mtoto wa siku zetu kumwita baba yake mwongo, mbele ya wazee, na mwenyekiti amesimama hapo. Ardhi ingepasuka. Nikasema, "Nisamehe, mwalimu." Akafungua utepe kwa vidole vyake virefu, akaenda kuufunga kwenye kiti kidogo cha mvulana wa darasa la saba, kiti kilichopigwa misumari hadi ikatokeza upande wa pili. Kisanduku akamrudishia baba. Mimi nilisimama na darasa langu tukaimba wimbo wa kuwaaga wageni, na nilifungua mdomo tu, bila sauti kutoka. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilitamani nivuliwe ile ngozi nibaki na mifupa, ambayo haina uso.

Wakati wa kurudi nyumbani mama alitangulia haraka na mtoto. Mimi nilitembea na baba, mkono wake begani kwangu. Alipenda kunishika bega tukishuka mteremko, na watu walikuwa wakisema angalia fundi anavyompenda binti yake. Njiani nilijitafutia dawa. Nilijiambia kwamba baba amekosea. Alipapasa kisanduku, akakuta kimekatwa vizuri, akadhani kweli ni kimoja cha vyake alivyotengeneza zamani akasahau. Kadiri nilivyowaza hivyo ndivyo ilivyozidi kuwa kweli, na hata nikapata kafahari kadogo katikati ya ile fedheha: kazi yangu imekuwa nzuri hadi fundi mwenyewe ameichukua kuwa yake. Nikapanga nikifika nyumbani nimweleze, ashtuke, acheke, aende shule Jumatatu kusahihisha mambo. Nilikuwa tayari nimemsamehe.

Tulipofika kwenye daraja la magogo, akasema, "Ulikata bila kigezo."

Nikasema ndiyo.

"Mteremko wa mikia ni mdogo kuliko wa kigezo changu. Ni mzuri zaidi." Akatembea hatua chache. "Ile pembe ya tatu, patasi ilikuwa butu. Ungeinoa kwanza."

Aliongea kwa sauti ileile ya karakana, ya kawaida kabisa, na mimi nikaelewa kwamba alijua. Alijua tangu kidole chake kilipogusa pembe ya kwanza. Zile pembe alizozirudia hakuwa akijaribu kuzitambua, alikuwa akizionea fahari, kisha akanikana. Na nikaelewa mengine yote kwa mpigo, ufagio, msumeno wa kunyooshewa mkono, mama na mkono mdomoni, na hata ule mkono uliokuwa begani kwangu wakati huo huo, ambao haukuwa wa mapenzi peke yake. Nilikuwa fimbo yake ya kutembelea. Nikateleza chini ya mkono wake nikasogea kando.

Alisimama. Alinyoosha mguu mmoja mbele, akagusa ukingo wa gogo, akaurudisha. Mtu mzima, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote, amesimama katikati ya daraja fupi ambalo mimi nililiruka kwa mguu mmoja, asijue aende wapi. Kulikuwa na wanawake wanatujia wakiwa wamebeba maji. Nikarudi upesi, nikaweka bega mahali pake, na tukavuka kabla hawajatufikia. Wakatusalimia, naye akaitikia kwa uchangamfu akiwauliza habari za nyumbani kwao.

Shuleni nilipewa jina la Ya Baba. Nikipata hesabu zote, waliuliza kama ni ya baba. Nikiruka kamba vizuri, waliuliza kama baba yuko ndani ya viatu. Watoto wakipata kitu wanakitafuna hadi kiishe utamu, na hiki kilikuwa na utamu wa kudumu. Mwalimu Njeru hakunitania kamwe. Aliacha tu kuniuliza maswali, na alipogawa kazi za mikono alinipa udongo. Aliendelea kuweka chaki zake kwenye mkebe wa kakao, na kila nilipoutazama ule mkebe nilisikia joto shingoni. Alihamishwa kurudi kwao Embu kabla sijafika darasa la nane, na hadi leo huenda, kama yuko hai, anamkumbuka msichana fulani wa Muthara aliyekuwa mwongo.

Karakana sikuingia. Hakuna aliyeniita. Nilitoka shule nikachota maji, nikakata majani ya ng'ombe kama wasichana wengine, na nilikaa jikoni na mama. Alinipa ukoko wa uji, ambao kwa kawaida tuligombania, nikamwachia Kirimi. Siku moja nikiwa jikoni nikasikia msumeno mdogo upande wa pili wa ukuta. Baba alikuwa anajaribu. Ukishajua kukata, sikio linakuambia kabla ya jicho. Msumeno unaofuata mstari una sauti moja, kama mtu anayepumua usingizini. Huu ulikuwa unaguguna, unasimama, unaanza mahali pengine. Mama aliacha kuchambua maharagwe. Tulisikiliza sote wawili, tukijifanya hatusikilizi. Kesho yake nilikuta upande mzima wa droo ya muuru umetupwa nyuma ya kizimba, mikia imekatwa ovyo, mmoja umelalia huku na mwingine kule. Kuku walikuwa wanaukanyaga. Niliuchukua nikauingiza ndani ya lundo la kuni, chini kabisa, ili mtu akipita asiuone.

Jumamosi nilimkuta baba ameketi mlangoni pa karakana, mikono juu ya magoti. Harusi ya binti ya M'Ikiara ilikuwa imekaribia, na kabati lilikuwa limesimama ndani likiwa na matundu mahali pa droo. Akaniita kwa jina. Nilisimama mbele yake, na safari hii uso wake ulinipata sawasawa.

Aliniambia kwamba hatanilazimisha. Kama sitaki kukata droo, ataenda leo hii kwa Mzee M'Ikiara amwambie macho yake yamekwisha, atafute fundi mwingine, na kwamba akifika huko atamwambia pia habari ya kisanduku, na mwalimu ataisikia. Alisema hivyo bila kuyumba. Alikuwa amevaa lile koti la Jumapili. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa anasema tu.

Kwa hiyo nilikuwa nalo mkononi, jina langu, zima, la kurudishiwa. Nilichotakiwa kusema ni nenda. Na nilitaka kusema. Ninawaambia ukweli, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Niliona utepe mwekundu. Nilimwona Mwalimu Njeru akinyanyua kichwa. Halafu nikamwona baba, nywele zake zilizochanwa kwa maji upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili, akinigeuzia sikio kidogo ili asikie vizuri jibu la mtoto wa darasa la sita.

"Nitakata," nikasema.

Alifumba macho. Mabega yakashuka, uso wote ukalegea kwa nafuu, haraka mno, mbele yangu, bila kujificha. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akiwa hivyo kwa sababu yangu, na nilitamani ningegeuka nitazame pengine. Nilimpita nikaingia. Alinifuata akafunga mlango nyuma yetu, jambo ambalo hatukuwahi kufanya mchana, akapapasa hadi mezani, akabana ubao mpya kwenye jiliwa. Nilichora mstari. Nilichukua msumeno mdogo ukutani mwenyewe.

"Asante," akasema.

Kwetu watoto walitumwa, hawakushukuriwa. Baba hakuwahi kuniambia neno hilo, hata siku nilipomtoa mwiba mguuni, na alilisema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyepewa kitu mlangoni pa wengine. Nikasikia anavuta pumzi kama anayetaka kulisema tena, basi nikaweka msumeno kwenye mstari nikaanza kukata kwa nguvu, nikifanya kelele kuliko ilivyohitajika, ili asipate nafasi.